Umri wa Kimelea na Ukali wa Malaria

Watoto wawili wa umri mmoja wanaweza kufikishwa katika zahanati moja siku moja, wote wakiwa na malaria. Damu ya mmoja, ikitazamwa kwa hadubini, huonekana imejaa vimelea. Naye ameketi, anakunywa maji na kumwitikia mama yake. Damu ya wa pili huonekana kuwa na vimelea vichache tu. Lakini mtoto huyo hana fahamu, na mwili wake umekakamaa kwa degedege. Jambo hili limewashughulisha waganga kwa zaidi ya miaka mia moja. Ikiwa malaria huletwa na vimelea, mbona mwenye vingi ana nafuu, na mwenye vichache yu mahututi?

Jibu la swali hili halipatikani kwa kuhesabu vimelea peke yake. Ni lazima ijulikane pia kila kimelea kimefikia hatua gani ya ukuaji wake, na kimekaa mahali gani mwilini. Kimelea cha malaria hubadilika umbo, chakula na makazi mara nyingi katika maisha yake, na madhara yake kwa binadamu hubadilika pamoja na hatua hizo. Katika hatua nyingine kimelea hukaa mwilini bila mgonjwa kujua. Katika hatua nyingine huleta homa. Na katika hatua nyingine huweza kuua.

Suala hili si la darasani tu. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2023 watu milioni 263 waliugua malaria, na 597,000 wakafa. Watu 95 katika kila 100 waliokufa walikuwa wa Afrika, na wengi wao walikuwa watoto wenye umri wa chini ya miaka mitano.

Vimelea na wagunduzi wake

Vimelea vya malaria ni viumbe vya seli moja vya jenasi Plasmodium. Vinavyomshambulia binadamu kwa kawaida ni vya spishi nne: Plasmodium falciparum, P. vivax, P. ovale na P. malariae. Spishi ya tano, P. knowlesi, ni ya nyani wa Asia ya Kusini Mashariki, lakini humwambukiza binadamu pia katika nchi za huko. Katika Afrika ya Mashariki malaria nyingi husababishwa na P. falciparum, na spishi hiyo ndiyo inayoua zaidi kuliko zote. Maelezo yanayofuata yanaihusu hasa hiyo.

Maarifa kuhusu maisha ya kimelea hiki yalikusanywa kidogo kidogo. Mwaka 1880 daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, aliviona vimelea katika damu ya askari mgonjwa huko Constantine, Algeria. Mwaka 1897 Ronald Ross, akifanya kazi India, alivikuta vimelea katika tumbo la mbu, na mwaka uliofuata Giovanni Battista Grassi na wenzake wa Italia wakathibitisha kuwa malaria ya binadamu huenezwa na mbu wa jenasi Anofelesi. Hata hivyo, kwa miaka hamsini zaidi hakuna aliyejua vimelea hukaa wapi kati ya siku mtu anapoumwa na mbu na siku vinapoonekana katika damu. Kitendawili hicho kiliteguliwa mwaka 1948 na Henry Shortt na Cyril Garnham, ambaye alikuwa ameitumikia idara ya afya ya Kenya kwa miaka mingi. Walionyesha kuwa kwanza vimelea hukua ndani ya ini.

Siku za ukimya katika ini

Mbu jike wa Anofelesi anapomwuma mtu hutema mate ngozini, na katika mate hayo huwamo vimelea vyembamba vilivyochongoka, viitwavyo sporozoiti. Idadi yake ni ndogo mno: kwa kawaida ni makumi machache tu, na nyingine huishia pale pale ngozini. Zile zinazofaulu kupenya katika mshipa wa damu huchukuliwa hadi kwenye ini, na kila moja huingia katika seli moja ya ini.

Humo sporozoiti huacha umbo lake la kwanza na kuanza kujigawa. Baada ya muda wa siku sita au saba, sporozoiti moja ya P. falciparum huweza kuwa imezaa vimelea vipya 30,000 au zaidi, viitwavyo merozoiti. Seli ya ini hupasuka, na merozoiti humiminika katika damu.

Katika muda wote huo mtu hajisikii kuumwa. Seli za ini zilizoharibika ni chache sana zikilinganishwa na mamilioni yaliyobaki, na hakuna kimelea hata kimoja ambacho kingeweza kuonekana katika tone la damu. Hii ndiyo sababu mtu aliyeumwa na mbu leo hawezi kupata homa ya malaria kesho. Homa ya leo hutokana na mbu wa juma moja au majuma mawili yaliyopita, na huenda mtu aliumwa naye akiwa safarini mbali na kwake.

Hapa pana tofauti moja kubwa baina ya spishi. Baadhi ya sporozoiti za P. vivax na P. ovale hazikui mara moja, bali hulala katika ini kwa miezi mingi, pengine hata zaidi ya mwaka, kisha huamka na kuleta homa upya. P. falciparum haina hatua hiyo ya usingizi. Vimelea vyake vyote hutoka katika ini kwa wakati mmoja na kuingia vitani.

Saa 48 ndani ya chembe nyekundu

Merozoiti haiwezi kuishi muda mrefu nje ya seli. Mara itokapo katika ini hutafuta chembe nyekundu ya damu, hujishikiza juu yake na kupenya ndani kwa muda usiozidi dakika chache. Tangu hapo huanza mzunguko unaochukua takriban saa 48, ambao una hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni ya pete. Damu ikipakwa juu ya kioo na kutiwa rangi ya Giemsa, kimelea kichanga huonekana kama pete nyembamba ya buluu yenye nukta nyekundu, mithili ya pete yenye kito. Hatua hii huchukua karibu siku nzima ya kwanza. Kimelea hula kidogo, na chembe iliyokibeba huendelea kuzunguka katika damu pamoja na chembe nyingine.

Hatua ya pili ni ya trofozoiti, yaani kimelea kinacholisha. Sasa kimelea hunenepa na kuila hemoglobini, ile protini inayobeba oksijeni katika damu. Sehemu ya hemoglobini isiyoliwa ina chuma na ingekuwa sumu kwa kimelea. Kwa hiyo hugeuzwa kuwa punje za rangi ya kahawia iliyokoza, ziitwazo hemozoini. Punje hizi ni kama majivu ya jikoni: wingi wake huonyesha kuwa mapishi yamekwisha kuendelea kwa muda mrefu.

Hatua ya tatu ni ya skizonti. Kiini cha kimelea hujigawa mara nyingi, na ndani ya chembe moja hupatikana merozoiti 16 hivi, pengine hata 32. Chembe nyekundu hupasuka, merozoiti hutawanyika, na kila moja hutafuta chembe nyingine ili kuanza pete mpya.

Homa hutokea wakati wa kupasuka huku. Mwaka 1886 Camillo Golgi wa Italia alikwisha kuonyesha kuwa mtetemeko na joto la mgonjwa huambatana na kupasuka kwa chembe zenye vimelea. Mabaki ya chembe, punje za hemozoini na taka nyingine za vimelea humwagika katika damu; seli za kinga huzipokea kama dalili ya uvamizi na kutoa kemikali zinazopandisha joto la mwili. Vimelea vikipasuka vyote kwa pamoja, homa huja kwa vipindi vinavyotabirika. Lakini kwa P. falciparum mara nyingi kuna makundi kadhaa ya vimelea vyenye umri tofauti, na homa huja bila utaratibu.

Spishi hutofautiana pia katika uchaguzi wa chembe. P. vivax huingia katika chembe changa tu, ambazo ni chache katika damu, P. malariae hupendelea chembe zilizozeeka. P. falciparum haichagui. Huingia katika chembe za umri wowote, na kwa sababu hiyo wingi wake hauna kizuizi kama ule wa spishi nyingine.

Hesabu ya siku mbili mbili

Wingi wa vimelea na umri wake haviwezi kutenganishwa, kwa kuwa kila mzunguko unaokamilika huzidisha idadi. Ingawa skizonti moja huzaa merozoiti 16 au zaidi, si zote zinazofaulu kuingia katika chembe mpya. Katika mtu asiye na kinga, idadi ya vimelea huweza kuongezeka mara 10 hivi kila baada ya siku mbili. Hesabu inayofuata ni ya mfano, lakini haiko mbali na hali halisi.

Ichukuliwe kuwa sporozoiti 10 zimefika katika ini la mtu mzima, na kila moja imezaa merozoiti 30,000. Siku ya 6 vimelea 300,000 huingia katika damu. Siku ya 8 huwa milioni 3, siku ya 10 milioni 30, na siku ya 12 milioni 300. Mtu mzima ana lita 5 hivi za damu, yaani milimita za ujazo milioni 5. Kwa hiyo siku ya 12 kila milimita moja ya ujazo ina vimelea 60. Hicho ndicho karibu kiwango cha chini ambacho mpimaji hodari anaweza kukiona kwa hadubini. Mgonjwa huanza kuhisi uchovu, maumivu ya kichwa na homa.

Kama hakupata dawa, siku ya 14 kila milimita ya ujazo itakuwa na vimelea 600. Siku ya 16 vimelea 6,000. Siku ya 18 vimelea 60,000. Na siku ya 20 vimelea 600,000. Milimita moja ya ujazo ina chembe nyekundu zipatazo milioni 5. Kwa hiyo vimelea 600,000 maana yake ni kwamba chembe 12 katika kila 100 zimeshambuliwa. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa malaria ya P. falciparum ni kali endapo zaidi ya chembe 10 katika kila 100 zina vimelea, hata kama mgonjwa bado anatembea.

Hesabu hiyo hufundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba kati ya siku homa inapoanza na siku hatari inapofika pana mizunguko minne tu. Kungoja siku mbili si kuongeza ugonjwa kidogo. Ni kuuzidisha mara kumi. La pili linawahusu watoto. Mtoto wa kilo 10 ana damu isiyozidi mililita 800 hivi. Idadi ile ile ya vimelea ikiwa katika damu ya mtoto huyo, wingi wake katika kila tone huwa mara sita ya ule wa mtu mzima. Mtoto hufika kwenye hatari mapema.

Hata hivyo mwili haukai tu ukitazama. Bandama huchuja chembe zilizoharibika, seli za kinga hula vimelea, na joto lenyewe huvipunguza kasi. Ndiyo maana si kila maambukizi yanafika mwisho wa hesabu hii. Lakini P. falciparum imepata njia ya kuikwepa bandama, na njia hiyo ndiyo chanzo cha balaa.

Vimelea vinapojificha

Chembe nyekundu yenye afya ni laini, hukunjika kwa urahisi na kupita katika vijishipa vyembamba kuliko yenyewe. Chembe iliyobeba kimelea kikubwa hukakamaa. Ikipita katika bandama hukamatwa na kuharibiwa. Kwa hiyo, kimelea kilichokwisha kunenepa huwa hatarini kila mara chembe yake inapozunguka.

P. falciparum huiepuka hatari hiyo kwa kutia nanga. Kuanzia saa ya 16 hadi ya 24 hivi, kimelea hutengeneza protini iitwayo PfEMP1 na kuisafirisha hadi juu ya chembe, ambako vinundu vidogo vidogo hujitokeza. Protini hiyo hunata kwenye ukuta wa ndani wa mishipa midogo ya damu. Chembe huacha kuzunguka. Hukaa hapo, katika ubongo, mapafu, figo, utumbo au moyo, mpaka skizonti ikomae na kupasuka. Vimelea vichanga vya umbo la pete havina protini hiyo juu ya chembe zake. Kwa hiyo vyenyewe huendelea kutembea katika damu.

Mwishoni mwa karne ya 19 Ettore Marchiafava na Amico Bignami wa Italia, wakichunguza maiti za watu waliokufa kwa malaria, walikuta vijishipa vya ubongo vimejaa chembe zenye vimelea. Mishipa ikijaa hivyo damu hupita kwa shida. Tishu hukosa oksijeni na sukari. Asidi ya lakti hujikusanya na kumfanya mgonjwa apumue kwa nguvu na kwa kina. Ukuta wa mishipa huvuja. Uchunguzi uliofanywa huko Malawi kwa mashine ya kupiga picha za ubongo, na kutangazwa mwaka 2015, ulionyesha kuwa watoto wengi waliokufa kwa malaria ya ubongo walikuwa na ubongo uliovimba sana. Ubongo ukivimba ndani ya fuvu hauna pa kutanukia. Hukandamiza sehemu inayoongoza upumuaji.

Kwa mama mjamzito kimelea hupata mahali pengine pa kutia nanga, napo ni kondo la nyuma. Mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy, waliochunguza makondo ya akina mama wa Kenya, walionyesha kuwa vimelea hivyo hunata kwenye kemikali fulani iliyomo humo. Mama aliyekua na malaria tangu utotoni anaweza kuwa na kinga dhidi ya namna nyingi za vimelea, asiwe na kinga dhidi ya namna hii ambayo hakuwahi kukutana nayo kabla ya mimba yake ya kwanza. Matokeo yake ni upungufu wa damu kwa mama, na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo.

Kioo kinavyoweza kudanganya

Sasa kitendawili cha watoto wawili kinateguka. Damu inayopimwa hutolewa kwenye kidole au mshipa wa mkono, na katika damu hiyo huonekana hasa vimelea vyenye umbo la pete. Vimelea vikubwa vilivyonata katika ubongo na viungo vingine havionekani. Mtoto wa kwanza alikuwa na pete nyingi. Vimelea vyake karibu vyote vilikuwa vichanga, navyo vyote vilionekana. Mtoto wa pili alikuwa na pete chache kwa sababu vimelea vyake vingi vilikwisha kukua na kujificha. Kioo chake kilionyesha wapita njia, si wenyeji waliokwisha kufunga milango.

Inafuata kwamba mtoto wa kwanza naye hayuko salama. Pete zake za leo, zisipouawa, zitakuwa trofozoiti kesho. Kioo cha kesho kinaweza kuonyesha vimelea vichache kuliko vya leo bila mtoto kupata dawa yoyote, na mzazi akadhani ugonjwa unaondoka, kumbe unaingia ndani.

Mpimaji mwenye uzoefu hutazama zaidi ya idadi. Akiona trofozoiti zenye hemozoini au skizonti nyingi katika damu ya kidole, hujua kuwa kundi kubwa zaidi limejificha, na kwamba upasukaji mkubwa u karibu. Akiona punje za hemozoini ndani ya chembe nyeupe, hujua kuwa skizonti nyingi zimekwisha kupasuka na seli za kinga zimeokota mabaki yake. Ishara hizi mbili hueleza ukali wa ugonjwa kuliko hesabu tupu.

Kipimo cha haraka kinachotumiwa katika zahanati nyingi hakionyeshi umri wa vimelea. Aina yake iliyoenea hutafuta protini iitwayo HRP2, ambayo P. falciparum huitoa katika damu. Protini hiyo hubaki mwilini kwa majuma kadhaa hata baada ya vimelea kufa. Kwa hiyo kipimo hujibu swali la kuwapo kwa maambukizi, si swali la ukali wake, na mtu aliyepona karibuni anaweza kuonekana kuwa bado ana malaria.

Kwa sababu hizo, ukali wa malaria hupimwa kwanza kwa kumtazama mgonjwa mwenyewe. Watafiti wa Kilifi, Kenya, walionyesha mwaka 1995 kuwa dalili mbili huwatambulisha sehemu kubwa ya watoto walio katika hatari ya kufa, nazo ni kupungukiwa fahamu na kupumua kwa shida. Dalili nyingine za hatari ni degedege la kurudia, kushindwa kunywa au kunyonya, kutapika kila kitu, weupe wa viganja unaotokana na upungufu mkubwa wa damu, na mkojo mweusi.

Kuona vimelea katika damu hakuthibitishi kuwa ndivyo vinavyoleta ugonjwa. Katika uchunguzi wa maiti uliofanywa Blantyre, Malawi, na kutangazwa mwaka 2004, watoto 7 kati ya 31 waliohesabiwa kuwa na malaria ya ubongo walionekana kuwa wamekufa kwa sababu nyingine. Hivyo mganga hapaswi kuacha kutafuta homa ya uti wa mgongo au nimonia kwa kuwa tu kipimo kimeonyesha malaria.

Kinga na urithi

Mtu aliyeugua malaria mara nyingi huendelea kuambukizwa, lakini huumwa kidogo. Kinga hiyo hujengeka polepole, kwa sababu kimelea kina jeni zipatazo 60 za kutengeneza PfEMP1, na hubadilisha moja baada ya nyingine kama mtu anayebadilisha kanzu ili asitambuliwe. Mwili hulazimika kujifunza kanzu nyingi. Watafiti waliochunguza vimelea vya watoto wa Tanzania, na kutangaza matokeo yao mwaka 2012 na 2013, walionyesha kuwa namna fulani za protini hiyo huhusiana zaidi na malaria kali. Namna hizo hunata kwenye kipokezi cha ukuta wa mishipa ambacho kazi yake ya kawaida ni kuzuia damu isigande ovyo na kuulinda ukuta usivuje.

Urithi nao una sehemu yake. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alitangaza uchunguzi wake wa Afrika ya Mashariki ulioonyesha kuwa watu waliorithi jeni moja tu ya selimundu hukingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria. Hapa pia umri wa kimelea unahusika. Katika damu ya watu hao pete huingia kama kawaida. Lakini chembe inapofika mahali penye oksijeni kidogo, kimelea hushindwa kukua vyema, au chembe hupinda na kuondolewa na bandama. Aidha, PfEMP1 haipangiki barabara juu ya chembe hizo, na nanga haishiki.

Dawa na umri wa vimelea

Kila dawa ya malaria ina hatua ambayo huishambulia zaidi. Kwinini, iliyotumika kwa karne nyingi, huua hasa trofozoiti zilizokwisha kunenepa. Haizizuii sana pete zilizomo katika damu zisikue na kutia nanga. Ndiyo maana mgonjwa aliyeanza kupewa kwinini aliweza kuzidiwa katika siku ya kwanza ya matibabu.

Dawa zitokanazo na artemisini, iliyogunduliwa China katika miaka ya 1970 kutoka katika mmea wa pakanga na kumpatia Tu Youyou Tuzo ya Nobel mwaka 2015, huua pia pete changa kabla hazijanata. Faida yake ilipimwa. Katika majaribio yaliyotangazwa mwaka 2010, yaliyohusisha watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo, waliokufa kati ya waliotibiwa kwa kwinini walikuwa asilimia 10.9, kati ya waliotibiwa kwa sindano ya artesuneti walikuwa asilimia 8.5. Tangu hapo artesuneti imekuwa dawa ya kwanza ya malaria kali.

Vimelea navyo vimeanza kujibu. Usugu dhidi ya artemisini, uliogunduliwa kwanza magharibi mwa Kambodia, umo katika hatua ile ile ya pete: pete sugu hupunguza shughuli zake, hungoja dawa ipungue mwilini, kisha huendelea kukua. Usugu wa namna hiyo umethibitishwa Rwanda na Uganda, na taarifa ya mwaka 2024 ilionyesha kuwa umefika Kagera, kaskazini magharibi mwa Tanzania. Dawa mseto bado zinaponya kwa sababu artemisini huambatanishwa na dawa nyingine inayokaa mwilini muda mrefu zaidi. Mgonjwa anayeacha kumeza vidonge homa inapotulia huziachia nafasi pete zilizobaki.

Kuna vimelea ambavyo havimwumizi mgonjwa kabisa, navyo ni gametosaiti. Baadhi ya merozoiti, badala ya kurudia mzunguko wa saa 48, hukua kwa siku 10 hadi 12 na kuwa vimelea vya kiume na vya kike vyenye umbo la mwezi mwandamo. Gametosaiti hungoja kunyonywa na mbu. Ndani ya mbu huungana, na baada ya siku 10 hadi 14 hivi katika hali ya joto hutokea sporozoiti mpya. Dawa nyingi haziui gametosaiti zilizokomaa. Kwa hiyo mtu aliyekwisha pona anaweza kuendelea kuwaambukiza mbu, na kupitia kwao jirani zake, kwa siku kadhaa. Primakwini, katika dozi moja ndogo, hutumiwa kuzizima. Kwa upande mwingine wa mzunguko, chanjo mbili zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 na 2023 huifundisha kinga kuishambulia sporozoiti kabla haijaingia katika ini.

Umuhimu wa siku ya kwanza

Zamani, na hata sasa katika sehemu nyingine, degedege lilihesabiwa kuwa kazi ya mashetani au ya ndege arukaye usiku, na wapo walioamini kuwa mtoto wa namna hiyo akidungwa sindano atakufa. Alipelekwa kwanza kwa mganga wa jadi; alipozidiwa ndipo akapelekwa hospitali, naye akafia huko, na kifo chake kikawa ushahidi mpya dhidi ya sindano. Elimu ya hatua za kimelea huonyesha kosa lilikuwa wapi. Sindano haikuchelewesha uponyaji. Siku mbili zilizopotea ndizo zilizovipa vimelea nafasi ya kutoka katika pete hadi katika vijishipa vya ubongo.

Mtoto mwenye homa hupaswa kupimwa siku hiyo hiyo homa inapoanza, au siku ya pili yake kwa kuchelewa kabisa. Wakati huo vimelea vingi ni pete, viko katika damu inayotembea, na vidonge vinatosha. Baada ya hapo vidonge huhitaji kugeuka sindano, zahanati hugeuka hospitali, na hata dawa iliyo bora humkosa mtoto mmoja katika kila kumi na wawili hivi.

Mwalimu wa biolojia anaweza kulionyesha jambo hili bila hadubini wala damu. Chaki na ubao vinatosha: vimelea 60 katika milimita moja ya ujazo siku homa inapoanza, kisha tarakimu sifuri moja kuongezwa kila baada ya siku mbili. Mwanafunzi atakayeiandika hesabu hiyo kwa mkono wake hadi siku ya nane atajua kwa nini homa ya mdogo wake haifai kungojwa ipite.